Nani Aliyemshusha Britta

Jumamosi ile Marlys Tollefson aliwahi ukumbini kabla ya watu wote. Si kwamba alikuwa na kazi. Hakutaka tu mtu mwingine achomeke jungu lake la umeme kwenye tundu lililo karibu na meza ya akina Tollefson. Meza yenyewe haikuandikwa jina na wala haikuhitaji. Kila familia iliyozoea kuteleza kwenye theluji ya Kilima cha Skogen ilijua inapokaa, na majungu yao ya maharage na supu ya jibini yalipangwa ukutani, yakichemka polepole tangu saa mbili asubuhi hadi watoto warudi na njaa zao mchana. Asiyejua ni mgeni, na wiki hiyo Marlys alikuwa na mgeni.

Mgeni mwenyewe alikuwa mkwe mwenzake, Corinne, mama wa Paige aliyeolewa na Nels, mtoto wa Marlys. Alikuja kutoka Colorado, kwenye milima inayoitwa milima. Alitua Alhamisi na skii zake mwenyewe, vile vibao vyembamba vya kutelezea, ndani ya mfuko mrefu wenye magurudumu, na koti jeupe lililombana kiunoni kana kwamba hakuwahi kuzaa. Alikuwa na miaka sitini na nne, miwili tu pungufu ya Marlys, na magoti yote mawili aliyozaliwa nayo. Marlys aliyaangalia sana hayo magoti. Lake la kulia lilikuwa la chuma tangu Oktoba, na daktari alikuwa amemkataza kugusa skii mpaka majira mengine ya baridi.

Na hapo ndipo palipouma. Juu ya meko ya ukumbi palikuwa na ubao mrefu wa mwaloni. Mtoto wa pale akishuka kutoka kileleni kwa mara ya kwanza kwa miguu yake mwenyewe, jina lake linaandikwa kwa rangi nyekundu, na kando yake linaandikwa jina la mtu aliyemshusha. Mtoto mwenyewe ndiye anayelitaja mbele ya watu, na ole wake atakayemnong'oneza. Marlys alikuwa ubaoni kando ya baba yake, Ingvald. Nels alikuwa ubaoni kando ya Marlys. Alibaki Britta, binti wa Nels, mjukuu wa pekee, miaka saba, ambaye bado alikuwa akichezacheza kwenye kijiteremko cha watoto kwa sababu, kama Marlys alivyowaambia watu, "ananisubiri mimi." Ukweli ni kwamba bibi ndiye aliyekuwa akimsubirisha mtoto, na watu wote walijua, ila pale watu hawaambiani mambo ya namna hiyo.

Corinne aliingia akikung'uta theluji, akaenda moja kwa moja dirishani.

"Jamani, kilima ndicho hiki?" akasema. "Mbona kinapendeza! Kidogo hivi, mtu anaweza kukitia kwenye mkoba akaenda nacho nyumbani."

"Kimetutosha," alijibu Marlys.

"Mama, usikidharau," Nels alimwambia mkwewe huku akicheka. "Kimevunja watu miguu hiki."

"Simdharau mtu! Nimekipenda. Hakuna foleni. Yule mzee wa kwenye viti vya kupandia kilimani ameniuliza jina langu, halafu akalikumbuka. Kwetu unakaa kwenye foleni hadi unazeeka."

Dharau Marlys angeiweza. Sifa ndizo zilizomchoma. Corinne alisifu kahawa iliyoungua, akasifu kapeti lililotoboka, akasifu jibini la kukaanga kwa macho yaliyofumbwa. Alisifu kila kitu kwa sauti ya mtu anayemsifu mtoto kwa kuvaa viatu mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, lakini mwenyeji huyu alikuwa hajapona. Alikuwa anazidi kuumwa.

Kisha mgeni akamchukua Britta kwenda kijiteremkoni, na Marlys akabaki dirishani na kikombe chake. Aliona mambo ambayo hakutaka kuyaona. Kwa miaka miwili alikuwa amemfundisha mtoto kupanga skii zake kama kipande cha pitsa, ncha zikikaribiana mbele, na mtoto alikuwa akishuka kwa pitsa hiyo, polepole, makalio nyuma. Corinne hakusema habari za pitsa. Alimshika mabega, akamgeuza huku, akamgeuza kule, akamchekesha. Kufika saa nne Britta alikuwa anakata kona kama mtu mzima. Marlys alikunja uso. Alijiambia ni kahawa. Haikuwa kahawa, ulikuwa wivu, tena ule mbichi wa kitoto ambao alidhani ameuacha shuleni.

Saa nne na nusu wakaingia wote wawili, mashavu mekundu.

"Mama Nels," Corinne akasema, "huyu yuko tayari kabisa. Nimpandishe juu?"

Meza za jirani zikaacha kutafuna. Watu wa pale wana utaratibu wao, nao si mgumu. Jambo zito huulizwa mara tatu. Mara ya kwanza unajibu nenda tu, usinijali. Muulizaji anasema hapana, siwezi, wewe unaonaje hasa? Mara ya pili unasema kwa kweli haina shida. Mara ya tatu ndipo ukweli unatoka, kidogokidogo, na hakuna aliyeaibika. Marlys aliishi hivyo miaka sitini na sita, na hata pete ya ndoa alivishwa kwa utaratibu huo.

"Aa, nendeni tu," akasema. "Msinijali mimi."

"Oh, asante! Una moyo mzuri sana wewe!" Corinne akambusu shavuni, akamshika Britta mkono, wakatoka. Mlango ukafungwa nyuma yao.

LaVonne, jirani wa meza ya pili, akageuka taratibu na kijiko chake hewani.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Hakurudia kuuliza?"

"Hata mara moja."

"Mh! Huko milimani watu wanalelewaje?"

Nels alijikuna kichwa. "Mama, si ungemwambia tu."

"Nimemwambia."

"Umemwambia waende."

"Nels Tollefson, wewe umezaliwa hapa. Unajua vizuri nilichomwambia."

Nels alijua. Marlys alichukua fimbo yake, akatoka kwenye baraza ya mbao, akasimama kwenye baridi bila kufunga koti. Koti jeupe na helmeti ya njano ya Britta vilikuwa vimeshakaa kwenye kiti, vinapanda juu ya theluji kwenye waya wake, na miguu ya mtoto inaning'inia. Kiti kile kilikuwa chake Marlys. Alikuwa amepanga hata maneno atakayomwambia mtoto wakiwa njiani.

Basi akaomba. Mwanamke aliyefundisha watoto wa kanisa miaka ishirini alisimama pale akaomba kwa moyo wote: Mungu wangu, asishuke. Asiumie, asije akapata hata mchubuko, lakini asishuke.

Kilima cha Skogen ni kifupi kiasi kwamba mtu aliye chini anaona kila kitu. Aliona helmeti ya njano imefika ukingoni ikasimama. Aliona Corinne ameshuka hatua chache, amegeuka, ananyoosha mikono. Helmeti haikusogea. Corinne akapanda tena kwa ubavu, akapiga magoti, magoti yake mazima, kwenye theluji. Wakapita watoto wengine, wakapita wageni wawili wenye suruali za jinzi wakianguka na kucheka, na helmeti bado iko palepale. Dakika zikaenda. Hatimaye mzee Halvor, mwendesha viti, akapunguza mwendo wa mashine, na Britta akaanza kurudi chini akiwa amekaa kitini.

Viti vya kurudi huwa vitupu. Anayerudi navyo huonekana na ukumbi mzima, na siku hiyo ukumbi mzima ulisimama madirishani. Marlys alihisi mashavu yake yanapanda. Alijaribu kuyashusha yakakataa. Tabasamu lilimtawala uso wote kama mtu aliyeletewa barua ya heri, na lilikuwa bado lipo wakati kiti kilipofika, Halvor akamteremsha mtoto, na mtoto akamtazama bibi yake usoni kwa macho yenye machozi.

"Bibi, mbona unacheka?"

"Sicheki, mpenzi wangu. Jua hili linanipiga machoni."

"Ulikuwa unacheka. Nimekuona tangu kule juu."

"Nimefurahi kwamba umerudi salama."

"Umefurahi kwamba nimeogopa," Britta akasema.

Marlys alitafuta neno. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mtoto aliyeogopa, maana alishawabembeleza watoto wa nusu ya wilaya. Kwa huyu alipata moja tu.

"Njoo unywe supu."

Britta hakuja. Machozi yalikuwa yamekauka. Corinne alipowasili chini, akihema, tayari na maneno yake ya kufariji, mtoto alimdaka glovu.

"Bibi Corinne, twende tena."

"Tupumzike kwanza, kipenzi. Tutakwenda kesho."

"Twende sasa!"

Wakaenda. Marlys hakuomba tena, alikuwa hana uso wa kuomba. Alisimama tu na fimbo yake. Helmeti ya njano ilifika ukingoni, na safari hii haikusimama hata kidogo. Ilimwagika.

"Kata kona!" Corinne alikuwa anapiga kelele nyuma yake. "Britta! Kata kona!"

Akakata. Moja, mbili, ya tatu karibu imwangushe, akajiweka sawa, akakata ya nne. Alikuja mbio hadi mbele ya baraza, akafunga breki kwa ubavu, na theluji ikaruka ikamjaa Marlys kwenye viatu. Watu walimiminika nje wakipiga makofi na glovu zao nene, pu, pu, pu. Marlys naye akapiga. Mikono ilikuwa mizito.

Ndani, Halvor alishapanda ngazi, kopo la rangi mkononi. Alikuwa na miaka themanini na hakuwahi kumruhusu mtu amshikie ngazi.

"Haya, binti Tollefson," akasema. "Jina lako nalijua. Nani aliyekushusha?"

Corinne alivua kofia akatengeneza nywele kidogo kwa vidole, kama mtu anayengoja kupigwa picha. Marlys aliuona ule mkono, na akauchukia.

"Bibi Marlys," Britta akasema.

Brashi ya Halvor ikabaki hewani. "Mtoto, Marlys alikuwa huku chini na goti lake."

"Najua alikuwa wapi. Mara ya kwanza niliogopa. Halafu nikamwona anafurahi kwa sababu nimeogopa, nikakasirika. Nilikuwa nimemkasirikia mpaka nikasahau kuogopa. Kwa hiyo aliyenishusha ni yeye."

Ukumbi ule haukuwahi kusikia maneno kama hayo tangu ujengwe. Watu waliinamia bakuli zao. LaVonne alinyanyuka akaenda kukoroga jungu ambalo halikuhitaji kukorogwa. Lakini mtoto akishataja ametaja, na Halvor akageukia ubao akaanza kuandika, herufi moja baada ya nyingine, taratibu kama alivyofanya kila kitu. Kitu ambacho Marlys alikitamani kwa miaka saba kilikuwa kinaandikwa mbele ya kadamnasi, na yeye alikuwa anatamani sakafu ipasuke immeze. Hakuna aliyejua kama inafaa kupiga makofi. Mwishowe Nels alipiga mawili, akaacha.

Wakakaa kula. Britta alikaa upande wa pili wa meza, karibu na Corinne, na Corinne akawa anampulizia supu. Hata hapo, hata baada ya yote, wazo la kwanza lililomjia Marlys lilikuwa hili: mtoto ana miaka saba, anao mdomo wake wa kupulizia. Alijisikia vibaya kwa wazo hilo, na ndipo alipoona kwamba asiposema sasa ataendelea kuwaza hivyo hadi kaburini.

"Britta," akasema, kwa sauti ambayo meza za jirani ziliisikia. "Ni kweli. Nilifurahi ulipoogopa. Nilimwonea wivu bibi yako Corinne. Niliona anakuchukua mikononi mwangu. Nimekukosea."

Britta alitafuna, akameza.

"Usirudie."

"Sirudii."

Corinne aliweka kijiko mezani. Marlys alingoja neno tamu, maana mgeni huyu aliyagawa maneno matamu kama pipi.

"Mimi nilipanda naye mara mbili, Mama Nels," Corinne akasema, na sauti haikuwa na sukari hata chembe. "Mara mbili! Nimepiga magoti kwenye theluji. Halafu jina lako ndilo lililoandikwa."

"Najua."

"Yule mzee alipokuwa anaandika, unajua nilikuwa naomba nini? Naomba rangi imwishie kwenye kopo."

"Ingeishia herufi ya ngapi?"

"Ya pili."

Marlys alishindwa kujizuia, akacheka, na Corinne akacheka pia, ingawa macho yake yalikuwa bado yanaupima ubao. Britta aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu.

"Ninyi bibi zangu," akasema, "mna roho mbaya." Kisha akavuta bakuli lake karibu, akaanza kujipulizia mwenyewe. Hakuna aliyembishia.