Maji ya Mlango wa Nyuma

Nilipotoka mkutanoni na kukuta mtungi haupo, nilidhani kuna mjinga ameusogeza, nikaanza kufoka kabla sijajua ninayemfokea ni nani. Ndivyo nilivyo. Hasira yangu hufika kabla ya akili.

"Nani amegusa mtungi wangu hapa mlangoni?"

Peris, tunayefanya naye kazi maabara, alichungulia kutoka chumba cha samaki. "Si Masila amekuja mapema? Amebeba yote tatu."

Hasira ikaniisha hapo hapo, na mahali pake pakaingia woga.

Masila ni mtu wa bodaboda anayenipelekea maji nyumbani kila siku. Mifereji ya kwetu Mumbuni imekauka tangu mvua ikatae, na hapa kwenye kituo chetu cha utafiti tuna kisima cha kuchimbwa kwa mashine. Nimeruhusiwa mitungi miwili kwa siku. Huijaza, huiacha mlango wa nyuma, naye huichukua. Leo mlangoni palikuwa na mitungi mitatu, na wa tatu haukuwa na maji ya kisima. Pipa jeusi la kuwekea maji ya dawa lilikuwa limejaa, gari la kulichukua halikuja, na mimi kwa haraka zangu nikayamimina maji ya samaki yenye dawa hiyo kwenye mtungi wa manjano wenye kifuniko chekundu. Nilibandika karatasi ya onyo. Sasa karatasi yenyewe ilikuwa sakafuni, imelowa, inanitazama. Na hata ingebaki mahali pake, ni nani Machakos hii anayesoma mtungi wa manjano? Mtungi wa manjano ni maji, basi.

Nilimpigia Ndila. Simu iliita mpaka ikakatika.

Ndila ni mdogo wangu. Anaishi kwangu kwa sababu mumewe, Titus, anafanya kazi kiwandani Mavoko, na daktari alisema asiachwe peke yake. Mimba mbili zilimtoka kabla hazijafika mwezi wa tano. Hii ya tatu iko mwezi wa nne.

Nikampigia Masila. "Ile ya kifuniko nyekundu umeweka wapi?"

"Nimemimina kwa ndoo ya jikoni, madam, kama kawaida. Kwani iko na shida?"

"Mbona ukaibeba?"

"Madam, maji ni maji."

Nilimtukana, kisha nikamwomba arudi anichukue mbio. Alikuja. Njia nzima, nyuma yake, nilikuwa nimeuma ukosi wa koti langu ili nisipige mayowe. Nilijua kilichomo ndani ya maji yale kuliko mtu yeyote. Ni mimi niliyeipima ile dawa asubuhi, huku nikiimba.

Nilikuta mtungi wa kifuniko chekundu umelazwa nje ya mlango wa jikoni, mtupu. Ndila alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya stuli, anakunywa chai. Niliupiga mkono wake na kikombe kikaruka ukutani.

"Asi! Mwongeli! Umepagawa?"

"Umekunywa ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Chai! Umekunywa vikombe vingapi?"

"Moja. Hiyo ilikuwa ya pili." Alifuta chai iliyomrukia gaunini. "Na ni yangu, si yako. Ni nini?"

Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia maji yalikuwa ya samaki.

Aliwajua samaki wangu. Mimba ya pili ilipotoka alikataa kula, akakataa kuoga, na mimi kwa kukosa la kusema nikamsimulia juu yao: visamaki vyenye mistari ya pundamilia, ukivikata kipande cha moyo, moyo unaota tena mpaka unakuwa mzima. Alicheka kidogo, kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi. Tangu hapo akawa anawaulizia kila jioni kama watu wa ukoo.

"Zile za moyo?"

"Hao hao. Kuna jeni moja inayoujenga moyo samaki akiwa bado ndani ya yai. Ukiitoa mapema hivyo, anakufa, na hujui kama ingehitajika tena baadaye kuuponya. Kwa hivyo tunamwacha akue nayo. Lakini ndani ya moyo wake tumeweka kitu kama mkasi uliolala. Siku tukitaka, tunatia dawa kwenye maji, mkasi unaamka, unaikata ile jeni. Ndiyo dawa uliyokunywa."

Aliweka mkono tumboni. "Mimi niko na huo mkasi?"

"Hapana. Huna."

"Na huyu?"

"Hata yeye hana."

Alishusha pumzi ndefu, akaniangalia kama mtu anayetaka kunizaba kofi na kunicheka kwa pamoja. "Sasa unanitishia nini, dada? Karibu unitoe roho. Nipee kikombe ingine."

Ningeweza kuishia hapo. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na uso wake ulikuwa umetulia. Daktari mwenyewe alisema asitishwe. Niliinuka, nikakichukua kikombe kingine rafuni, nikasimama nacho karibu na ile ndoo, na mkono ukakataa.

"Ndila," nikasema. "Mkasi si shida. Dawa yenyewe ndiyo shida. Hata hospitalini mwanamke mwenye mimba hapewi."

Hakulia. Afadhali angelia. Aliteremsha miguu kutoka kwenye stuli, mmoja, kisha wa pili, akaniuliza kama Masila bado yuko nje.

Hospitalini daktari wa zamu alimpaka mafuta tumboni, akapitisha kifaa chake, na mapigo ya moyo yakajaa chumba. Nililia mimi. Ndila alikuwa anamtazama daktari.

"Unapiga vizuri," daktari akasema.

"Na dawa?"

"Ilikuwa kidogo sana. Pengine haitafanya kitu."

"Pengine?"

"Rudini baada ya wiki mbili, tuangalie tena."

Rudini tuangalie. Hata zile mara mbili za kwanza tuliambiwa hivyo hivyo, na kwa sauti ile ile ya upole.

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado kali. Nilimwaga ndoo nzima nyuma ya choo, majirani wakinitazama kama mwendawazimu, maana hakuna anayemwaga maji hapa. Nikasugua sufuria, nikasugua vikombe, nikafungua mtungi mwingine, wa kisima, nilioujaza kwa mikono yangu. Nikamimina kikombe, nikampelekea kitandani. Midomo yake ilikuwa imekauka.

Alikipokea, akakinusa, akanirudishia.

"Kunywa wewe kwanza."

Miaka yote tangu utotoni, Ndila amekula nilichompa bila kuuliza. Nilikunywa. Nilikunywa mpaka tone la mwisho, nikaenda nikakijaza tena, nikaketi kando yake nimekishika. Alikuwa ananitazama usoni, akingoja aone kama nitakuwa sawa, na mkono wake haukutoka tumboni.