Rudisheni Jikoni

Kama mkahawa ule ungekuwa mtu, Binti Mkubwa angekuwa ameshamzaba kofi kabla hata ya maji kuletwa. Meza ilicheza kila alipoegemeza kiwiko. Mhudumu, mwanamume mwenye ndevu zilizochongwa vizuri kuliko alivyofuta meza, aliwapita mara ya kwanza kama hakuwaona, na mara ya pili kama hataki kuwaona. Alipokuja hatimaye hakusema hata karibu. Alitupa karatasi ya vyakula mezani akaondoka huku anatazama simu.

Na Binti Mkubwa hakuweza kusema kitu. Mbele yake alikaa mama yake, na mama yake alichukia zogo la mkahawani kuliko kitu chochote duniani. Alikuwa na sababu. Marehemu mumewe alikuwa fundi rangi, mpole kupita kiasi. Hata ukimdhulumu mtaani alikunyamazia. Lakini mpe wali uliopoa uone! Alikuwa analaza uma kifudifudi juu ya sahani, anainua mkono, kisha anasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Rudisheni jikoni!" Hapa ndipo alipomleta mkewe kila mwisho wa mwezi, na wahudumu wa wakati ule walimpachika jina la Mzee Rudisheni. Mama naye alikuwa akimfinya paja chini ya meza, huku akitamani ardhi ipasuke immeze.

Sasa mzee hayupo, na tangu azikwe, mama hali. Anaonja tu. Vijiko viwili vitatu vya uji, anasema ameshiba. Binti Mkubwa ni mshonaji. Amezipunguza nguo za mama yake kiunoni hadi hakuna tena pa kupunguza. Daktari hakuona ugonjwa. Nyumbani wamembembeleza, wamempikia kila anachopenda, wamelia mbele yake, wapi. Ndipo Binti Mkubwa akapata wazo la kumleta kwenye meza ileile ya dirishani, labda hamu ya kula ingemrudia. Njia nzima aliomba Mungu chakula kiwe kizuri.

"Kaka, tuletee samaki," Binti Mkubwa alimwambia mhudumu aliporudi.

"Samaki hakuna."

"Supu ya mboga?"

"Imeisha."

"Sasa kuna nini?"

"Si mchague hapo kwenye karatasi, dada."

Binti Mkubwa alivuta pumzi mpaka kifua kikamuuma. "Wali na kuku. Sahani mbili."

Wakasubiri. Watu waliokuja nyuma yao wakala, wakachokonoa meno, wakaondoka. Mama alitazama nje. Mwishowe mhudumu akawabwagia nyama na viazi. Alipoambiwa si vyao, aliviondoa shingo upande na kumwekea bwana wa meza ya jirani, ambaye walimsikia kwa masikio yao wenyewe akiagiza maharage. Bwana yule alivitazama viazi, akaguna, akaanza kula. Binti Mkubwa alitamani kumtikisa mabega.

Wali na kuku vilipofika, wali ulikuwa umeshikana bonge moja na ulikuwa baridi. Mchuzi ulikuwa maji yaliyotiwa rangi. Kuku alikuwa mweusi kwa nje, na karibu na mfupa bado ana damu.

"Kaka, huu wali umepoa."

"Ni upepo wa dirishani huo, dada," mhudumu akajibu, akaenda zake.

Damu ilimchemka Binti Mkubwa. Alikuwa tayari kusimama, lakini alimwona mama amekunja uso akakumbuka anavyochukia kelele. Akajikaza, akatabasamu kwa nguvu.

"Kula kidogo tu, mama. Nikuchambulie?"

Mama alichukua kijiko kimoja. Alitafuna polepole, kisha akaacha kutafuna. Binti Mkubwa akakata tamaa. Basi, hata hapa imeshindikana. Akachukua mkoba wake.

"Twende nyumbani, mama. Nisamehe, sikujua pameharibika hivi."

Mama hakunyanyuka. Alichukua uma, akaulaza kifudifudi juu ya sahani, akainua mkono.

"Rudisheni jikoni!"

Mkahawa mzima ukageuka. Mhudumu alikuja mbio, simu ameisahau mfukoni.

"Kuna tatizo, mama?"

"Mwanangu, wali huu mmeupika au mmeuokota? Na huyu kuku, si bado yuko hai? Ungempa mama yako akala?"

Machozi yalimlengalenga, lakini mkono hakuushusha. Alikuwa na hasira na wali, na mhudumu, na mume aliyejiendea zake akamwachia kazi hii.

"Hata mimi niliagiza maharage," bwana wa jirani akasema kwa unyonge.

Mwenye mkahawa akatoka jikoni akijifuta mikono, mwanamke wa makamo aliyejifunga kitambaa kichwani. Alimtambua mama, akatazama kiti kitupu kando yake.

"Mzee yuko wapi, dada yangu?"

"Tumemzika."

Mwanamke yule alikaa kwenye kiti kile bila kukaribishwa. "Maskini! Na mimi nilidhani tumekuwa wapishi hodari. Tangu aache kuja, hakuna sahani hata moja iliyorudi."

"Hamkuwa hodari hata alipokuwepo," mama alisema. "Lakini chakula kilikuwa cha moto."

Mwenye mkahawa alibeba sahani zote mbili mwenyewe. Mhudumu alikunja kipande cha boksi akakiweka chini ya mguu wa meza. Wali uliporudi ulikuwa unafuka mvuke, na kuku ameiva mpaka mfupani. Mama akala. Alikula kijiko baada ya kijiko, akakwangua mchuzi, akauvunja mfupa kwa meno yaleyale ambayo kwa miezi hayakutaka kazi. Binti Mkubwa hakugusa sahani yake. Aliogopa hata kupumua.

Mwenye mkahawa alipopita tena, Binti Mkubwa alishindwa kujizuia. Machozi yalimtoka.

"Asante sana, chakula ni kita..."

Akafinywa paja chini ya meza, akaruka.

"Nyamaza," mama alisema, mdomo umejaa. "Baba yako alikuwa hawasifu mpaka aonje chai."