Shingo ya Daktari Haverkamp

Katika hospitali ile ya Ohio walimwita Bi Mikono, na hakuna aliyemuuliza kama jina hilo analipenda. Jina lake ni Leanna Stidham, mtoto wa milimani Kentucky, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa udaktari wa osteopathia. Madaktari hao, kwa asiyewajua, husoma dawa zile zile na kupasua maiti zile zile kama madaktari wengine, kisha huongezewa somo la mikono: kupapasa mgongo, kunyoosha shingo, kulegeza msuli uliokaza. Wanasoma zaidi, halafu wanadharauliwa kwa hicho hicho cha zaidi. Dunia ina vituko.

Leanna alitaka upasuaji. Mshauri wa chuo chake alimwambia apunguze tamaa, aombe udaktari wa familia, kwa kuwa wakuu wengi wa upasuaji wakiona neno osteopathia kwenye maombi hawafungui ukurasa wa pili. Akamjibu, "Basi nitakwenda kuwafungulia mwenyewe." Akaandikia hospitali chungu nzima zimpokee kwa mwezi wa kujionyesha, ule mwezi ambao mwanafunzi huzunguka wodi za watu wamwone kazi yake kabla hajaomba nafasi ya kusomea ubingwa. Ikamjibu moja tu, na mgawaji wa nafasi zake alikuwa Daktari Russell Haverkamp. Akikukubali yeye umepata. Akikukataa, rudi ukaombe ulichoambiwa.

Sasa tazama alivyopokewa. Alikuwako mwanafunzi mgeni mwingine, Graham Wexler, kijana wa chuo chenye jina kubwa. Kila asubuhi Graham aliingia chumba cha upasuaji. Leanna aliachwa kwenye chumba cha mapumziko na madaktari waliotoka zamu, kila mmoja na mgongo wake.

"Bi Mikono, hebu niokoe, bega limekufa."

"Akitoka huyo nipo mimi, usije ukajifanya umechoka."

"Habari za kukata mwachie Graham, dada. Wewe una kipaji bwana, usikichezee."

Akawanyoosha kwa adabu, akijiambia mvumilivu hula mbivu. Wiki zikapita, mbivu hakuziona, na kisu alikiona kwa kuhadithiwa. Ikamuuma, tena sana, maana waliokuwa wakimsifu ndio hao hao waliomnyima kazi. Siku moja daktari mmoja alipojilaza kusubiri huduma, Leanna akachukua kalamu.

"Jina kamili? Maumivu yalianza lini? Tunafungua faili, daktari msimamizi atatia sahihi."

"Faili la nini tena? Nyoosha tu, nina haraka."

"Ninachofanya ni tiba, na tiba huandikwa. Kama ni masaji, duka liko mtaa wa pili, kapange foleni."

Yule bwana akaondoka amenuna. Kufika jioni hospitali nzima ilikuwa imesikia kwamba Bi Mikono kapandisha mabega, na foleni ikafa yenyewe. Madaktari ni watu wa ajabu: magonjwa ya wengine hawachoki kuyaandika, yao hawataki yaandikwe hata kwa penseli.

Kesho yake Haverkamp akamwita ofisini.

"Nasikia umegoma."

"Sijagoma, Daktari. Naomba utaratibu."

"Utaratibu." Akacheka kidogo, akafunga mlango, akakaa kitini na kumpa kisogo. "Shingo yangu hii hapa. Fanya mambo yako. Kesho asubuhi nampasua mgonjwa mwenye goita kubwa, uvimbe wa shingoni, na msaidizi wangu wa kwanza utakuwa wewe. Graham atatazama."

Hilo ndilo alilolitaka tangu afike. Akaweka mikono kwenye shingo ya mkubwa, lakini mafunzo ni mafunzo. Vidole vyake havijui kuanza kabla kinywa hakijauliza.

"Nifungue faili?"

"Hakuna faili. Mimi si mgonjwa wako."

"Sawa. Usiku maumivu yanakuamsha?"

"Yananiamsha."

"Yanashuka mkononi?"

"Kidole gumba na cha shahada," Haverkamp akasema. "Kulia. Vinakufa ganzi, baadaye vinarudi."

Leanna akaokota kibanio cha karatasi mezani, akazunguka mbele yake. "Fumba macho, Daktari. Niambie nimekuwekea nini vidoleni."

Haverkamp akafumba macho, akasubiri. "Weka basi," akasema.

Kibanio kilikuwa tayari katikati ya vidole vyake. Alipofumbua macho akakiona, uso ukamshuka.

"Shingo hii siinyooshi," Leanna akasema. "Inataka picha, na bingwa wa neva. Na kesho usikate."

"Nimekata shingo za watu wewe hujazaliwa. Nakata kwa macho."

"Goita imeilalia neva ya sauti. Hapo macho hayatoshi, vidole ndivyo huisikia, wewe mwenyewe ulituandikia hivyo ubaoni darasani."

"Nisikilize, binti." Sauti ya Haverkamp ikawa laini, na laini hiyo ilitisha kuliko ukali. "Utanishughulikia kila wiki, kimya kimya, na nafasi ya ubingwa ni yako. Wa aina yako sijawahi kumchukua hata mmoja. Utakuwa wa kwanza. Na haya yaishie hapa. Daktari hutunza siri ya mgonjwa."

"Umesema wewe si mgonjwa wangu. Ungekuwa mgonjwa ungekuwa na faili, na mwenye faili kama lako hapewi kisu."

"Kesho saa moja," Haverkamp akasema akifungua mlango. "Uje umenyamaza."

Leanna hakungoja kesho. Alimfuata Maura Tiernan, mkubwa wa wale waliokuwa wakisomea ubingwa, akamweleza yote. Maura alimsikiliza huku akitazama mlango.

"Mimi namaliza mwaka huu, na kazi natafutiwa na yeye," akasema. "Hujaniambia kitu, mdogo wangu. Tusikosane."

Leanna akampigia simu mama yake, mpishi wa shule huko Kentucky.

"Mama, nikisema nakosa nafasi."

"Na usiposema?"

"Kuna mtu anaweza kukosa sauti."

"Sasa mwanangu, unaniuliza nini? Heri lawama kuliko fedheha. Umekula?"

Asubuhi mgonjwa akaletwa, Bi Dottie Crull, dereva wa basi la shule. Kabla ya kulazwa usingizi alimshika Leanna mkono akamwambia, "Msinikatie sauti, mama. Wale watoto wangu ishara ya mkono hawaijui." Leanna akamwitikia.

Kuna ada katika vyumba vya upasuaji. Kabla kisu hakijashuka wote husimama, kila mmoja hutaja jina na kazi yake, kisha muuguzi mkuu huuliza kama kuna mwenye neno. Ni kama padri anavyouliza harusini. Watu hujibu hakuna huku mawazo yao yako kwingine. Muuguzi mkuu siku hiyo alikuwa Winifred Oakes, mama wa makamo aliyempa Haverkamp visu miaka mingi.

"Russell Haverkamp, mpasuaji."

"Leanna Stidham, msaidizi wa kwanza. Mwanafunzi wa osteopathia." Hilo la mwisho hakulazimika kulisema. Alilisema.

Wengine wakajitaja, Maura akiwa wa mwisho.

"Kuna mwenye neno?" Winifred akauliza.

"Hakuna," wakaitikia.

"Ninalo," akasema Leanna. "Daktari Haverkamp hana hisia kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia. Nimempima jana ofisini kwake. Asikate."

Mashine ikaendelea kulia taratibu. Graham, kule ukutani, akaangalia viatu vyake.

"Huyu nimemnyima nafasi, sasa analipiza," Haverkamp akasema. "Toka nje."

"Nitatoka mgonjwa akitoka."

"Kisu, Winifred."

Winifred alikishika kisu, lakini hakukitoa. "Daktari, neno limesemwa. Likisemwa hujibiwa, tumeiweka sheria hiyo wenyewe. Fumba macho nikupe kitu, ukitaje, tuendelee na kazi."

Lilikuwa jambo dogo. Mtu mwenye vidole vizima angelimaliza huku anapiga miayo. Haverkamp akautazama mkono wake, akamtazama Winifred, kisha akavua glavu moja baada ya nyingine. Alipompita Leanna akasimama.

"Hapa huna nafasi."

"Najua," Leanna akasema. "Nilijua tangu jana."

Bingwa mwingine akaitwa. Alipoingia akauliza msaidizi ni nani. Maura akainua mkono nusu, halafu akaushusha. "Ni Stidham," akasema, na sauti yake haikuwa na nguvu. Leanna akasogea mezani, akashika alichopewa kushika mpaka jeraha liliposhonwa. Bi Dottie alipozinduka aliuliza kwa sauti nzima ni nani kamchukulia meno yake ya bandia.

Mchana huo huo Leanna aliambiwa mwezi wake umekwisha. Graham akamkuta mlangoni akiwa amebeba begi lake.

"Sasa utaomba nini?"

"Upasuaji."

"Leanna, kuwa mkweli. Haverkamp atawapigia simu wakuu wote wa upasuaji wa jimbo hili."

"Awapigie," Leanna akasema. "Watamuuliza nilifanya nini, na itambidi aseme."