Mke Mwenza Ng'ambo ya Wisla

Usingizi unamjia Bibi Mwanakombo mchana kweupe, juu ya kochi la binti yake, mto Wisla ukipita chini ya dirisha, na kabla macho hayajafumba sawasawa anamsikia Saumu jikoni akiongea na simu: njooni Torun, shoga, vyumba bei poa, majumba ya kale tele, wala hakuna ile misukumano ya miji ya watalii, hata kuutazama mto hulipii. Saumu ndiye binti yake. Lakini anayemkosesha raha si Saumu, ni Mishi, mtoto wa Saumu, aliyemlea mwenyewe kule Pangani tangu ananyonya mpaka alipong'oka meno ya mbele, kisha akaletwa huku Polandi, miaka sasa. Jana Bibi alipowasili, uwanja wa ndege mtoto alijificha nyuma ya koti la mama yake, hata shikamoo hakutoa. Amenisahau, anawaza Bibi, na anashuka na wazo hilo, maana kochi linakuwa ngazi, na ngazi zinaingia mtoni, na maji hayalowanishi.

Chini ya maji kuna Torun ileile, imepinduliwa: kuta za matofali mekundu, minara kichwa chini, harufu ya mikate ya tangawizi ikitoka madirishani. Watu wachache kweli, kama alivyosema Saumu, wachache mno. Bibi anafuata njia, na njia inamrudisha kwenye duka la mikate. Anakata kushoto, duka lilelile. Anakata kulia, anaona ukuta wa nyumba ya jirani yake wa Pangani, anafurahi, anazunguka kona, duka lilelile. Anahema. Mwanamke wa koti la kijivu anamjia, uso wake laini kama yai, hana jicho wala mdomo, lakini anainama na kumfunga vifungo vya sweta, taratibu, mpaka cha juu kabisa. Ahsante mwanangu, anasema Bibi, hata huna macho na umeona natetemeka. Namtafuta mjukuu wangu. Mji huu una mtoto mmoja tu, anajibu yule mwanamke, sauti ikitoka pasipojulikana, na wengine wote ni yeye. Hicho ni kitendawili? Hapana mama, hiyo ni njia. Na njia inafunguka inakuwa uwanja, na uwanja umejaa wasichana, wote wamevaa koti la njano la Mishi, wote wamesukwa nywele kama za Mishi, na hakuna mwenye uso. Chagua, anasema mwanamke. Ukikosea, yule wa kweli hatakujua tena.

Bibi anapita katikati yao, anagusa bega, anagusa shavu, kote ubaridi mmoja. Mishi! Wote wanageuka. Machozi yanamlenga, kisha hasira inampanda, hasira ya uani kwake, anasimama na kushika kiuno. Yuko wapi huyo mwizi wa waume? Mke mwenza asiyejua kukoroga hata uji! Jitokeze nikusute mbele ya watu! Kwao bibi na mjukuu wa kike hutaniana hivyo, mume wao mmoja, babu. Halafu kutoka nyuma kabisa, sauti nyembamba: Mume gani, wewe kikongwe? Babu kakuchoka, unakoroma kama punda mwenye mafua!

Bibi anacheka na kulia pamoja, anaukamata mkono wa mtoto huyo, na wanakimbia mpaka darajani. Mwanamke wa kijivu amesimama katikati. Anayevuka huvuka mikono mitupu, anasema. Basi sivuki, anajibu Bibi. Daraja linalegea kama kamba, maji yanapanda. Bibi, unanibana, analia mtoto. Vumilia, mke mwenzangu, vumilia, na anazidi kukaza, na maji yanafika kifuani, na anazidi kukaza.

Anafumbua macho. Mkono umo mkononi mwake kweli. Mishi amesimama kando ya kochi, uso anao, umejaa machozi, anasema maneno ya Kipolandi ambayo Bibi hayajui hata moja. Saumu anakuja mbio na mwiko. Mama, mwachie! Anasema unamuumiza. Alikuwa anakufunika blanketi tu, maskini, alikuona umejikunja kwa baridi.

Bibi anamtazama mtoto. Yule wa chini alimjua, alimjibu. Huyu anamtazama kama mgeni. Dirishani minara inatikisika, na hajui kama anaiona minara yenyewe au kivuli chake majini, wala hajui akiachia vidole anamwachia nani. Nisamehe, mwanangu, anasema, na anavilegeza, kimoja baada ya kingine, mpaka kiganja chake kiko wazi kabisa.

Mkono mdogo hauondoki. Umelala palepale, una alama za vidole vyake, una joto, na Bibi Mwanakombo anakaa nao hivyo, anaogopa kupepesa macho.