Chukua Mji, Niachie Shemeji

Injini ya boti inanguruma chini yangu, mawimbi yanatupandisha na kutushusha, na mimi niliyeapa sitasinzia nasinzia. Tumebanana humu, askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, tunapelekwa kuteka kisiwa ambacho ofisa wetu hakutaka hata kututajia jina, kana kwamba kufa mahali pasipo na jina ni nafuu. Ubavuni kwangu ameniegemea shemeji Mwakai, mume wa dada yangu Wakesho, mzito kama gunia la viazi. Kunapambazuka. Siku tunaondoka dada hakulia, alisema tu, mrudi wawili. Nalirudia neno hilo, mrudi wawili, mrudi wawili, mpaka lango la boti linaanguka na ninakanyaga maji, yananifika magotini, kisha vifundoni, kisha si maji tena bali barabara nyeupe isiyo na mwisho, na nikigeuka shemeji hayupo.

Naita, shemeji! Barabara inanirudishia sauti yangu ikiwa imechoka. Natembea, inajipinda, natembea, inajipinda tena, inanifikisha kwenye mji wa ufukweni, na ng'ambo ya ghuba kuna mji mwingine vilevile, dirisha kwa dirisha, na ndani yake askari mmoja anatembea peke yake. Nampungia mkono kwa furaha. Naye ananipungia, palepale, mkono uleule. Mjinga mimi, ni mimi. Sijawahi kuwa mpweke namna hii, hata siku tuliyomzika mama. Nje ya kila mlango kuna jozi ya buti zilizolowa, nagonga, naingia, hakuna mtu, natoka, nagonga kwingine.

Mtu anakuja. Amevaa kofia ya Keya, lakini chini ya kofia hakuna uso, ni ngozi tu, laini kama kiganja. Afande, namwuliza, umemwona shemeji yangu? Mrefu, mcheshi, hajui kunyamaza. Anasema, kitendawili. Na mimi, kwa mazoea ya jioni za nyumbani, najibu kabla sijafikiri, tega. Naye anatega: wanangu wamelala ufukweni, wimbi linawafunika shuka, hakuna anayeamka.

Jibu nalijua. Mtoto mdogo angelijua. Lakini nikilitamka nitakuwa nimemlaza shemeji pale mchangani kwa ulimi wangu mwenyewe. Nimeshindwa, namwambia. Basi nipe mji, anasema, kama ilivyo ada kwa aliyeshindwa. Chukua Nairobi, namwambia, kwanza si yangu. Ananiwekea mkono kifuani na Nairobi inatoka, kambi, gwaride, chai ya kantini, vyote, kama jino. Sasa ni zamu yake kutoa jibu, ndiyo sheria ya mchezo, nami namkatiza, tega kingine! Anatega. Walikwenda wawili, kivuli kimerudi kimoja. Nalijua na hili. Chukua Mombasa. Tega! Chukua Voi. Tega! Barabara inazunguka, mji ni uleule, mtu ni yuleyule, na mimi nagawa nchi nzima kama mlevi anayenunulia watu pombe, ili tu neno moja lisisemwe.

Sasa nimebaki na Mgange, kwetu mlimani, na ukungu wake, na migomba, na dada Wakesho amesimama mlangoni, kiganja juu ya macho, akitazama njia. Anatega: mlango mmoja, mwanamke mmoja, anawangoja wawili, aingiaye ni nani?

Afande, namwambia, chukua Mgange, lakini jibu kaa nalo. Usilitamke. Anasema, hakuna aliyewahi kunipa mji asitake jibu. Mimi sitaki jibu, namwambia, namtaka shemeji. Mkono wake unanigusa kifua. Ukungu unatoka, migomba inatoka, na mwanamke wa mlangoni anatoka mwisho, naye namlilia bila kujua ninamlilia nani.

Kiwiko kinanichoma ubavu. Shemeji, amka, unalia kama mtoto! Ni Mwakai, mzima, na pengo lake la meno. Namkumbatia. Niache bwana, anasema, mimi si mkeo. Tukirudi Mgange nitamweleza Wakesho, kaka yake alilia kabla ya risasi kulia. Wenzetu wanacheka. Nami nacheka, kisha namwuliza polepole, Mgange ni wapi? Anazidi kucheka, si ndio utani wa mashemeji. Na Wakesho, nauliza, ndiye nani?

Kicheko kinamkauka. Dada yako, anasema. Mke wangu. Namtafuta moyoni mwangu na naona barabara nyeupe tu, na sijui kama tunakwenda kushuka au tulishashuka. Lango linaanguka. Mwakai ananishika mkono, mkono wake una joto. Twende, ananiambia, tukirudi nitakuonyesha. Namfuata majini. Nimempata, yu hai, na sijui tena nimrudishe wapi.