Mpaka Mdulya Uchanue

Tangu Machi ianze, Tsonka alikuwa anangoja mti mmoja tu uchanue. Msidhani ni kwa kupenda maua. Maua aliyapenda zamani, alipokuwa na nafasi ya kuyatazama. Sasa alikuwa na miaka sitini na ushei, magoti yanayolalamika kila ngazi, kuku, bustani ya mboga, jiko la kuni, na mama mkwe aliyelala kitandani miguu ikiwa imekufa na mdomo ukiwa mzima.

Mama mkwe ndiye Bibi Gana. Aliteleza kwenye barafu mlangoni pa kanisa, akavunjika nyonga, na tangu hapo kitanda kikawa ndicho kijiji chake. Mwanawe mkubwa, Penyo, mume wa Tsonka, alikuwa keshatangulia mbele ya haki. Mdogo, Nencho, alikaa mjini na kuja sikukuu kwa sikukuu, akala, akavuta pumzi uani na kusema, "Hewa ya huku, jamani!" kisha akaondoka nayo. Kwa hiyo wa kumwogesha Bibi Gana, kumgeuza, kumlisha na kutukanwa naye akabaki Tsonka. Mkaza mwana tu! Damu hawakuchangia hata tone.

Wakati wa theluji Nencho alipiga simu akasema amepata nafasi kwenye nyumba ya wazee, safi, yenye manesi na bustani. Tsonka alimshukuru, akakata simu. Alikaa juu ya gogo la kuni, akahisi kitu kimelegea kifuani, kama mtu aliyefungua kifungo cha sketi baada ya harusi ndefu. Alijua ni furaha. Akaona haya, akaenda kulisha kuku.

Bibi Gana alipoambiwa, hakulia wala hakugomba. Alisema, "Sawa, nitakwenda." Hapo ndipo Tsonka alipopaswa kushtuka, kwa maana mama huyo hajawahi kusema sawa kwa jambo lolote tangu azaliwe.

Siku ya kwanza ya Machi Tsonka akaleta nyuzi za martenitsa, nyekundu na nyeupe zilizosokotwa pamoja, kama kila nyumba kijijini. Akamfunga Bibi Gana mkononi. Wake akajifunga mwenyewe kwa mkono mmoja na meno. Uzi ule hauvuliwi hovyo. Unakaa nao mpaka uone korongo amerudi au mti umechanua, ndipo unaufunga tawini, unaomba afya, na majira ya baridi yamekwisha.

"Sikiliza, mke wa Penyo," akasema Bibi Gana akiutazama mkono wake. "Katika nyumba hii hajatoka mtu kwenda kuhamia pengine akiwa na uzi mkononi. Nitakapoufunga mtini, mwambie Nencho alete gari."

"Vizuri, Mama. Mplamu wa jirani uko karibu."

"Mplamu wa jirani ni wa jirani. Mimi nina mti wangu."

Mti wake ulikuwa mdulya wa nyuma ya nyumba, uliopandwa na baba mkwe wake siku Bibi Gana alipoingia hapo bibi harusi. Sasa nyie hamjui dulya. Ni tunda gumu la manjano, chungu, haliliwi mpaka lipikwe jamu, na mti wake ndio mvivu kuliko yote. Wenzake wakiwa wameshachanua na kupukutisha, wenyewe ndio kwanza unapiga miayo. Tsonka akamtazama mama mkwe. Mama mkwe naye akamtazama, macho meupe kama ya mtoto aliyeiba sukari.

"Hata Mei, Mama?"

"Nimeuumba mimi?"

Basi wakangoja.

Machi ikaja na kopriva, yale majani yanayouwasha mkono yakiwa mabichi. Karibu kila siku Tsonka alipanda kilimani na kikapu, glavu mkononi, mgongo umepinda, akichuma vichwa vile laini vya chini ya miti. Watu wa mjini walipita njia ileile na fimbo zao za kutembelea, wakimsalimu, "Matembezi mema, mama!" Alijibu asante. Matembezi! Alikuwa anahesabu moyoni mashuka ya kufua.

Nyumbani alipika supu ya kopriva kwa mchele na yai, akaimegea jibini nyeupe juu. Bibi Gana alionja.

"Mchele umezidi."

Kesho yake alionja tena.

"Leo umenifanyia ubahili wa mchele."

Lakini bakuli lilirudi tupu, kila siku tupu, limefutwa na mkate. Aprili yakaja majani mapana ya lapad ya kuviringishia wali, vikaja vitunguu vibichi, figili, mkate wa mchicha uliokunjwa na siagi. Tsonka alipika vyote, na nyumba ikanukia shibiti na mnanaa hata jirani akichungulia akasema wenzetu mnaishi. Yeye mwenyewe alikula amesimama, kando ya jiko, akisikiliza kama anaitwa.

Korongo walirudi kwenye kiota chao juu ya nguzo ya umeme. Tsonka akakimbia chumbani na unga mikononi.

"Mama! Korongo wamekuja!"

"Umewaona wewe. Mimi macho yangu yameona dari."

Mplamu wa jirani ukachanua. Ukaja mwaprikoti wao wenyewe, na usiku mmoja jalidi ikaushukia, asubuhi maua yote yalikuwa ya kahawia kama majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Tsonka alisimama chini yake, akausahau mwaprikoti kabisa, akaufikiria mdulya. Kama na ule utaungua, je? Bibi atasema angojewe mpaka mwaka mwingine. Alisema kwa sauti, peke yake pale uani, "Mungu wangu, mwaka mwingine siuwezi."

Ikawa kila asubuhi anauliza. Dirisha la Bibi Gana ndilo lililotazama nyuma. Tsonka huko hakuwa na shughuli tangu kuni za banda zilipokwisha, na nyasi zilishafika magotini.

"Umechanua, Mama?"

"Bado. Vitumba tu."

Siku moja, alipokuwa anamgeuza ili ampake mafuta mgongoni, kiuno chake mwenyewe kikagoma. Akateremka taratibu mpaka sakafuni, akabaki hapo, mgongo kwenye ukingo wa kitanda. Uso wa Bibi Gana ukatokeza juu yake.

"Umeanguka?"

"Nimekaa."

"Haya. Kaa kidogo."

Wakakaa. Mkono wa yule bibi ukateremka ukagusa nywele za Tsonka, ukatoa jani kavu lililokuwa limenasa humo, kisha ukarudi juu.

Siku chache baadaye Bibi Gana akaanza kulalamika kwamba mwanga unamchoma macho. Akataka pazia lifungwe, ubaki upenyo upande wake tu wa kuuangalia mti. Tsonka akalifunga. Mtu aliyechoka haulizi maswali. Ukimwambia funga, anafunga.

Ikafika Mei, na Siku ya Mtakatifu Georgi. Kama kila mwaka, Tsonka alitundika matawi mabichi getini, akatia mwanakondoo ndani ya tanuri tangu alfajiri, tumboni kajaza wali, maini, vitunguu vibichi na mnanaa. Nencho akafika na gari, na chupa ya rakia, ile pombe kali ya matunda, na tumbo lake lililofika kwanza. Alikuwa amestaafu mwaka uliopita, na tangu hapo kazi yake ilikuwa karata na wenzake bustanini mjini.

"Shemeji! Harufu hiyo inaua watu barabarani!"

"Karibu. Vua viatu."

Akaingia kwa mama yake, akambusu, akamwambia ananawiri. Akarudi jikoni akiwa ameshusha sauti.

"Bado tu huo mti? Ile nafasi hawatanishikia milele."

"Bado vitumba. Mwenyewe anasema."

"Basi nivute sigara moja kabla ya kula," akasema Nencho, na kwa kuwa Tsonka hakutaka moshi karibu na nguo zilizoanikwa, akazungukia nyuma ya nyumba.

Alirudi haraka kuliko sigara. Kwenye nywele zake chache na mabegani alikuwa na petali nyeupe zenye waridi kidogo ukingoni, kubwa kubwa.

"Ebo! Vitumba vipi, shemeji? Mti umechanua mpaka unapukutika! Nyasi zote nyeupe huko!"

Tsonka aliweka mwiko chini. Akaenda chumbani, akalivuta pazia kwa mkono mmoja, na mwanga ukaingia wote kwa pamoja. Mdulya ulikuwa umesimama pale nje ya kioo, umechanua kila tawi, nyuki wanauzunguka.

"Wiki nzima," akasema. "Wiki nzima nakuuliza, unaniambia vitumba."

"Zaidi ya wiki," akasema Bibi Gana, kwani hata katika uongo alipenda mambo yawe sahihi.

"Unanidanganya mimi? Mimi ninayekuosha? Kila asubuhi nakuuliza kama mjinga, nawe unanitazama usoni! Kwa nini, Mama?"

Yule bibi alivuta blanketi mpaka kidevuni. Kwa mara ya kwanza alionekana mdogo.

"Naogopa," akasema. "Huko watakuwa wapole. Watanisemesha kama mtoto mchanga, bibi kula, bibi lala. Hakuna atakayegombana na mimi. Nitakufa kwa upole wao."

Nencho, mlangoni, akakohoa. "Mama, usiseme hivyo. Tunafanya kwa ajili ya shemeji. Amechoka, huoni?"

"Naona. Namwona kuliko wewe." Akatoa kidole chini ya blanketi, akakielekeza kwa Tsonka. "Nawe, mke wa Penyo, unanigombeza mimi kwa mti mmoja. Wewe unangoja mti gani?"

Tsonka hakuelewa. Akafuata kile kidole mpaka kwenye mkono wake mwenyewe. Chini ya mkono wa sweta uliokunjwa, uzi ulikuwapo bado. Haukuwa tena mwekundu na mweupe. Ulikuwa rangi ya maji ya vyombo.

Nyani haoni kundule, mnasema, na ni kweli. Lakini jambo hili halikuwa la kuchekesha. Mwezi mzima alikuwa amechuma kopriva chini ya miplamu iliyochanua, chini ya micheri, chini ya mipeasi, kichwa kikitazama majani. Maua yalimdondokea mgongoni akayakung'uta kama vumbi. Korongo wenyewe aliwaona kwa macho yake, akakimbia kumwambia mwingine. Haikumjia hata mara moja kwamba na yeye ana uzi.

Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimechoka," akasema. Hakuwahi kulisema kwa sauti mbele ya mtu, na likatoka dogo, la kawaida. "Nimechoka, Mama. Nimechoka, Nencho. Nimechoka mpaka kwenye kucha."

"Ndiyo maana nasema nimpeleke leo hii," akasema Nencho. "Uzi tuufunge, tule, twende."

Tsonka akamtazama shemeji yake, petali bado zimemkaa mabegani, kitambaa cha kulia keshakichomeka kwenye kola. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kukaribishwa.

"Mgeni siku mbili, Nencho," akasema. "Wewe umekuwa mgeni wa mama yako miaka ishirini. Leo ndiyo siku ya tatu."

"Maana yake nini?"

"Maana yake anayeondoka ni mimi. Binti yangu Ralitsa yuko Burgas, ananiita tangu mwaka juzi nikaone bahari na mjukuu. Nakaa wiki mbili. Nikirudi, kama bado unataka kumpeleka mama yako, mwambie wewe, kwa mdomo wako, na akukatalie wewe. Msiungoje mti, na msinisingizie mimi."

"Shemeji! Mimi sijui hata..."

"Hata yai hajui kuchemsha huyu!" akapiga kelele Bibi Gana. "Utaniua na njaa!"

"Umfundishe. Unajua kiasi cha mchele kuliko mimi."

Alivua aproni akamtundikia Nencho shingoni, juu ya kile kitambaa. Akachukua mkasi, akamkata Bibi Gana uzi. Mkono wa yule bibi ulikuwa mwepesi, na ukamshika wake kidogo kabla ya kumwachia.

"Tawi la juu," akaagiza. "Lisilofikiwa na mbuzi."

"La juu, Mama."

Nyuma ya nyumba nyasi zilimfika magotini. Akafunga uzi wa Bibi Gana juu kadiri mkono ulivyofika. Wake aliukata kwa meno, kama alivyoufunga, akaufunga kwenye tawi lililokuwa karibu na uso. Mtu hapo huomba afya. Tsonka aliomba usingizi. Kisha akasimama akitazama juu, bila kikapu, bila glavu, mpaka shingo ikamuuma, na petali moja ikamwangukia mdomoni.

Basi la mchana lilikuwa linaondokea uwanjani. Aliweka gauni moja na viatu vya kandambili kwenye mkoba, akajikatia kipande cha mwanakondoo na kukifunga kwenye karatasi. Aliwaaga kutoka mlangoni tu, kwa kuwa angeingia ndani angelirekebisha lile blanketi.

Alikuwa keshafika kwenye kona dirisha lilipofunguliwa nyuma yake.

"Shemeji!" Nencho alipaza sauti. "Anasema nyama haina chumvi! Chumvi iko wapi?"

Miguu ya Tsonka ilisimama yenyewe, ilivyozoea. Chumvi ilikuwa kwenye kopo la buluu juu ya jiko, palepale ilipokaa miaka yote ya ndoa yake. Akauhamishia mkoba bega la pili na kuendelea kwenda kwenye basi. Aitafute.