Vichwa vya Bolti Hurudi Kwao

Asubuhi hiyo Noah ya Jovitha ilikuwa juu ya jeki kwenye gereji ya Awadhi, mtaa wa Gerezani, tairi zake zimelazwa pembeni, na mwenye gari hakaliki. Springi ndefu na shokomzoba mpya zilikuwa zinasubiri kwenye maboksi. Kesho yake alikuwa anapanda Rombo na wanawe kwa Krismasi, kwenda kuhesabiwa na ukoo, kama watani wanavyosema, na safari hii gari lingefika mpaka uani kwa mama yake. Mwaka jana lilisugua tumbo kwenye mlima wa mwisho, likagoma kwenye matope, ikabidi avue viatu na kupanda na kiroba cha mchele kichwani huku wifi zake wakimpigia vigelegele vya kejeli.

"Fundi, litanyanyuka kweli?"

"Mama Robert, hili utalipanda kwa ngazi."

Awadhi alikuwa ameilowesha kwa mafuta tangu jana ile bolti inayoshika mkono wa tairi. Akaingiza spana, akaiongezea kipande cha bomba, akavuta kwa uzito wake wote. Bolti ikakatika. Nusu ilibaki ndani. Kichwa kilianguka sakafuni, kikajizungusha kidogo kutafuta upande, kisha kikaanza kubingiria kuelekea barabarani.

Hakuna aliyegeuka. Bolti ya kweli ikikatika kwa uzee, hulala pale pale ilipoangukia. Bolti feki ikikatika, kichwa chake hurudi kwenye duka lililoiuza, na kwa kazi hiyo kila duka la spea Kariakoo lina ndoo chini ya kaunta.

"Kiache kiende zake," alisema Awadhi, akiwasha gesi. "Mimi kazi yangu ni hiki kisiki."

"Kiende wapi? Gari nililinunua kwa mtu Magomeni, sijui lilifungwa takataka za nani. Ningepanda nalo mlimani na wanangu! Leo namjua huyo muuzaji, na atanisikia."

Akaubana mkoba kwapani na kukifuata.

Kichwa kilisubiri basi la mwendokasi lipite, kikakatiza Mtaa wa Msimbazi, kikapenya chini ya mkokoteni wa nazi. Machinga mmoja alikisogezea beseni la soksi kikapita. Jovitha alikuwa nyuma yake, jasho linamtiririka, moyo unamwenda mbio kwa raha ya mtu anayekwenda kumfumania mwingine. Kadiri kilivyokata kona alizozijua, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba ni cha Abdulmajid, jirani yake wa duka, ambaye bolti zake zinang'aa kupita kiasi. Maneno alikuwa ameshayapanga.

"Abdulmajid! Leo umeniuzia kifo!"

Abdulmajid, aliyekuwa anakunywa chai kizingitini, alikiona kichwa kinakuja na kuinua miguu kukipisha. Kichwa kilimpita bila kusita, kikaingia mlango wa pili.

Mlango wa pili ulikuwa wa duka la Jovitha. Nice, msaidizi wake, aliifunua ndoo bila kuinua macho kwenye simu. Kichwa kikaruka, kikatumbukia.

"Leo vimekuwa vingi, dada," alisema Nice. "Sikukuu hii, watu wanasafiri."

Jovitha aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakamwaka moto. Kwenye kaunta alikuwa amesimama Tarsis, Mrombo mwenzake, ambaye naye alikuwa ananyanyua gari kwa safari ile ile. Alikuwa ameshika pakiti ya bolti mpya, za rangi ya dhahabu.

"Dada, hizi ni orijino?"

"Orijino kabisa, kaka," alijibu Jovitha. Mdomo ulikuwa umeshazoea.

Tarsis alipoondoka, Jovitha aliinama na kutoa bolti za mtumba, nyeusi, mbaya kwa sura, zilizofunguliwa kwenye magari yaliyotoka Japani. Hizo haziuzwi. Ni za magari ya nyumbani.

Aliporudi gereji, Awadhi alikuwa amechomelea nati juu ya kisiki. Kikiwa bado chekundu alikishika na spana, akakibembeleza huku na huku, mpaka kikatoka. Alizitazama bolti za mtumba, akatabasamu, akazifunga. Noah ikashushwa, ikasimama juu kama imevaa viatu vya mchuchumio, na Jovitha akapiga kigelegele kilichosikika gereji zote za jirani.

Kesho yake, njia nzima, vichwa vya bolti vilikuwa vinapishana nao, kimoja kimoja, vikirudi Dar. Robert na wadogo zake walivipungia mikono. Jovitha alikuwa akivipisha, kama madereva wengine. Walipopita Hedaru kikaja kimoja cha rangi ya dhahabu, kipya kabisa, kinakimbia.

Mbele kidogo gari la Tarsis lilikuwa limeinama upande mmoja, mke na watoto wamekaa kwenye mkeka kando ya barabara. Jovitha akasimama.

"Dada wa Kariakoo! Mungu mwenyewe amekuleta! Sijui fundi alinifungia bolti ya nani, imekatika!"

Jovitha hasafiri bila pakiti za duka. Kwenye droo ya gari ilikuwepo pia bolti ya mtumba iliyobaki, moja tu. Alifungua droo, akaitazama ile bolti, akaufikiria ule mlima wa mwisho wa kwa mama yake, akaifunga droo. Alimpa Tarsis pakiti mpya ya zile za dhahabu, bure kabisa. Tarsis alilengwa na machozi, akambariki yeye na uzao wake wote.

Alipokaa tena kwenye usukani alimpigia simu Nice.

"Kuna kimoja kimeshapita Hedaru, kinakuja. Ukifunga duka acha mwanya chini ya mlango."

"Sawa, dada."

"Na ndoo usiifunike. Kuna kingine kitafuata."

Kisha akakanyaga mafuta. Watoto wakaanza kuimba, na gari likavuka matuta yote bila kugusa chini.